Baki ni la Nani?

Hesabu yenyewe ilikuwa fupi: 52 ÷ 4. Ilikuwa Ijumaa jioni, tuko Skuta hapa Nyeri, stima imepotea na tunamulika daftari kwa tochi ya simu. Mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka minane, alikuwa ameitazama hiyo hesabu kwa dakika kumi hivi. Alikuwa amechora vijiti hadi vikajaa ukurasa, akapoteza hesabu ya vijiti, akafuta, akaanza tena. Mwishowe akaweka penseli chini.

"Anti, mimi sina akili ya kugawa."

Hakusema hajui. Alisema hana. Nikanyamaza kwa sababu hiyo sentensi naijua vizuri, niliisema mwenyewe nikiwa mdogo kumliko. Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu aliyesimama mlangoni asubuhi na fimbo, akikuuliza swali moja la kichwa kabla hujaingia darasani. 63 kwa 9? Ukinyamaza, toa mkono. Ukikosea, toa mkono. Sheria ya Kenya ilikuwa imepiga marufuku viboko shuleni tangu 2001, kabla hata sijaanza darasa la kwanza, lakini fimbo haikuwa imesoma gazeti. Nilijifunza majibu, sikatai. Lakini pia nilijifunza kwamba kugawanya ni kitu kinachokuvizia mlangoni.

Hatimaye nilifika chuo kikuu, nikafanya mwaka mmoja na nusu wa uchumi, karo ikatushinda nyumbani, nikarudi. Siku hizi naandika, na jioni nafundisha watoto wa majirani hesabu kwa soo mbili kwa saa. Karibu wote wanaanguka mahali pamoja. Kujumlisha wanaweza. Kutoa, sawa. Kuzidisha wanaimba. Ukifika kugawanya, uso unabadilika.

Usiku huo, mtoto akishalala, nilianza kujiuliza: hii hofu ilianza lini kwetu? Maana watu wa huku kwa mlima hawakungoja shule ndiyo wajue kugawanya.

*

Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Nyeri unaona mlima wote. Wazee waliuita Kirinyaga, wakasema ndiko Mungu anakopumzikia. Jomo Kenyatta, kwenye kitabu chake cha 1938, *Facing Mount Kenya*, anamtaja Mungu huyo kwa jina Mogai, yaani Mgawaji, aliyegawia watu nchi. Neno linatokana na *kũgaya*, kugawa. Fungu lako la urithi ni *igai*. Kwa hivyo kabla mtoto wa Kigikuyu hajaona ile alama ya kistari na nukta mbili, alikuwa ameshasikia kwamba kitendo cha kwanza kabisa duniani kilikuwa kugawanya.

Na kuna jambo linaloonekana kama kinyume chake: watu hao hao waliogopa kuhesabu. Kuhesabu watoto wako au mbuzi wako mmoja mmoja kwa kidole ilikuwa kutafuta mkosi. Ndiyo maana mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi ni kumi lakini unaambiwa ni *kenda mũiyũru*, tisa iliyojaa. Idadi inasemwa bila kusemwa.

Sasa, mvulana anayechunga mbuzi asiowahesabu kwa sauti atajuaje mmoja amepotea? Kenyatta anaeleza majaribio waliyopewa vijana: mifugo ya watu wawili au watatu inachanganywa, kisha unaambiwa utenge ya baba yako. Au wanyama wachache wanafichwa, useme ni wapi hawapo. Hapo unajifunza kuona kundi kama mafungu: majike wenye ndama huku, weupe kule. Kuona kitu kikubwa kama mafungu ndiyo nusu ya kugawanya.

Nusu ya pili ilikuwa kwenye mchezo. Wagikuyu wana *gĩũthi*, ndugu wa bao la pwani: mashimo ardhini, mbegu mkononi, unazisambaza moja moja shimo kwa shimo. Mtoto akicheza miaka miwili anajua mbegu za mwisho zitaangukia wapi kabla hajaanza kuzimwaga. Hiyo ni hesabu ya kichwa, ila hakuna aliyeiita hivyo.

Halafu kuna soko. Zamani masoko ya Wagikuyu yalikuwa kila siku ya nne. Hebu fikiria: leo ni siku ya soko, na una mgeni anakuja siku 14 kutoka leo. Atakuta soko? Kwenye 14 kuna nne tatu, zinabaki mbili. Hapana, atakuwa amelikosa kwa siku mbili. Angalia hapo jibu ni nini. Sio tatu. Jibu ni lile baki, kile kitu shuleni tunaandika kwa herufi ndogo pembeni na kukisahau.

Na jambo la mwisho kabla hatujaondoka huko nyuma. Mbuzi akichinjwa, nyama haikugawanywa sawasawa. Kulikuwa na sehemu ya wazee, ya wanawake, ya vijana. Kugawa kulikuwa na swali la haki ndani yake: nani anapata nini, na kwa nini. Shule ilipokuja ilisema kugawanya ni sawa kwa sawa tu. Si mbaya, lakini ni sheria mpya, na mtoto wa miaka saba anahitaji kuambiwa. Ukimpa maandazi kumi agawie watu watatu, atampa mkubwa nne. Hajakosea hesabu. Amefuata sheria nyingine.

*

Kilichobadilisha mambo ni pesa.

Kabla ya 1920 hapa kulitumika rupia, na rupia 15 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. 1920 serikali ya kikoloni ikaamua rupia iwe na thamani ya shilingi mbili za Uingereza, ikaingiza florini, na kufumba na kufumbua, 1921, florini ikaondolewa ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Yaani chini ya miaka miwili mtu wa Nyeri alitakiwa ajue pesa tatu, na kila moja inageuzwa kuwa nyingine kwa kuzidisha au kugawanya. Katikati ya hiyo sarakasi, mwaka huo huo wa 1921, walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Harry Thuku alisimama juu ya mambo kama haya, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Baadaye kodi ikashushwa hadi 12. Siku hizi tunasoma hiyo kama siasa. Lakini mtu wa kawaida aliingia kwenye hiyo siasa kupitia swali la hesabu: theluthi ya mshahara wangu ni pesa ngapi?

Kisha kulikuwa na tiketi. Vibarua wengi kwenye mashamba ya walowezi, pamoja na yale ya upande wa Naro Moru na Nanyuki, walifanya kazi kwa tiketi ya siku 30. Ulitakiwa kuzimaliza siku hizo ndani ya siku 42. Nyapara anaweka alama kila siku uliyofanya kazi. Siku ambayo hakuweka alama, haikuwepo.

Hapa naingia kwetu nyumbani, kwa sababu hii hadithi shosho yangu huisimulia kila mtu akilalamika juu ya shule. Baba yake alifanya kazi kwenye shamba moja la mlowezi, shilingi 12 kwa tiketi. Mwezi mmoja, kazi ikafungwa akiwa na siku 25. Akaambiwa malipo yake ni shilingi tisa. Hakuwa amekanyaga darasa. Alichuchumaa chini, akaokota mawe sita. Siku 30, alisema, ni mafungu sita ya siku tano tano. Shilingi 12 juu ya mafungu sita ni shilingi mbili kila fungu. Akaondoa jiwe moja. "Nimekosa fungu moja. Nipe kumi."

Kila mara shosho akifika hapo, watoto huuliza: akapewa?

Hakupewa. Alifukuzwa na zile tisa zake. Lakini alirudi nyumbani akijua ameibiwa shilingi moja kamili, sio akishuku tu. Shosho husema baba yake aliamua siku hiyo kwamba watoto wake watasoma, hata wasichana. Hakuwa anataka wajue Kiingereza. Alitaka kama wataibiwa, wajue ni kiasi gani.

*

Shule zilikuwepo, lakini haikuwa rahisi kama kuingia tu.

Wamishonari wa Consolata walifika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902 na Mathari, hapa Nyeri, ikawa moja ya vituo vyao vikubwa. Waskoti wakajenga Tumutumu, karibu na Karatina. Walifundisha kusoma, kuandika na hesabu, kwa vibao vya mawe na kwa kuimba pamoja. Mwaka 1929 mzozo wa tohara ya wasichana ukagawanya makanisa, maelfu wakaondoka kwenye shule za misheni, na wazazi wakaanza kuchanga pesa na mbao kujenga shule zao wenyewe, zile za KISA na za Karing'a. Dedan Kimathi, kijana wa Tetu, alipita Tumutumu bila kumaliza, halafu akawa mwalimu kwa muda. Ukiwa umeacha shule kama mimi, hiyo sehemu ya maisha yake unaisoma mara mbili.

Shosho alianza shule ya KISA akiwa na miaka minane. Alisoma miezi michache. Oktoba 20, 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na ndani ya miezi michache shule nyingi za kujitegemea za Wagikuyu zikafungwa kwa amri ya serikali. Anakumbuka walikuwa wamefika kwenye kuzidisha kwa mbili. "Kugawa hatukufika," yeye husema, na huwa anacheka. Baadaye kukawa na vijiji vya lazima, mitaro, amri ya kutotoka nje. Hakurudi darasani tena.

Kwa waliobaki shuleni, mlango ulikuwa mwembamba. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilikuwa imepanga miaka minne ya kwanza, kisha mtihani wa kuchuja, kisha minne mingine kwa waliopita. Mtoto wa darasa la nne angeweza kufungiwa maisha kwa karatasi. Ukiweka kitu kikubwa hivyo mwishoni mwa somo, somo linageuka. Hakuna mwalimu atakayekaa na mtoto kumuuliza amefikiriaje. Atamtaka jibu, haraka, na fimbo iko karibu.

Uhuru haukuondoa hilo. CPE ilikuja, ikawa ni ile ile ya kuchuja. Kwenye miaka ya 60 kulikuwa na jaribio kubwa: wataalamu wa Afrika na wa Marekani walikuwa wakikutana Entebbe kuanzia 1962 kuandika hesabu mpya, zenye seti na makundi, wakitaka mtoto aelewe badala ya kukariri. Wazo zuri. Lakini vitabu vilifika kwa walimu ambao wao wenyewe hawakuwa wamefundishwa hivyo, na wazazi wakaona watoto wao wanachora miduara na hawawezi kurudisha chenji. Mwaka 1981 serikali ya Moi ikaifuta. Mfumo wa 8-4-4 ukafuata, na KCPE ikaanza 1985: maswali 50 ya hesabu, chagua A, B, C au D. Hapo ukawa na ujanja mwingine. Huna haja ya kugawanya, unachukua majibu manne unazidisha kurudi nyuma hadi moja likubali. Mimi nilipita hivyo, na wengi mnaosoma hapa pia, tusidanganyane.

Kisha 2003, Mwai Kibaki, mtu wa Othaya, akafuta karo ya shule za msingi. Zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakaingia madarasani. Mimi ni mtoto wa enzi hiyo, na sitaisema vibaya, bila hiyo sijui ningekuwa wapi. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge aliyepigana Mau Mau alijiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Alisema anataka kusoma Biblia yake na kuhesabu pesa zake, asije akapunjwa. Nikisikia habari zake namwona babu yetu na mawe yake sita.

Lakini hesabu ya kichwa inafundishwa kwa kusikiliza. Lazima umsikilize mtoto mmoja akieleza njia yake, ndipo ujue amekwama wapi. Ukiwa na watoto sabini kwenye chumba kimoja, kinachobaki ni kuimba pamoja na kuchapa waliokosea. Uwezo, lile shirika lililoanza 2009 kupima watoto nyumbani kwao Kenya, Uganda na Tanzania, lilikuwa na jaribio lenye ngazi za hesabu za darasa la pili, na hapa Kenya ngazi ya juu kabisa ilikuwa kugawanya. Ripoti zake za miaka ya 2010 zilirudia jambo moja hadi likazoeleka: kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, kama watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. CBC imekuwepo tangu 2019, na inaanza kugawanya kwa vitu: vifuniko vya soda, mbegu, mawe. Yaani tumezunguka miaka mia tukarudi kwenye mawe ya babu. Tatizo ninaloliona kwa watoto wanaokuja kwangu ni kwamba vifuniko vinakaa wiki moja, kisha vinaondolewa na ukurasa wa maswali ishirini unaletwa. Hakuna daraja kati ya vifuniko na ukurasa. Hilo daraja ndilo hesabu ya kichwa.

*

Jumamosi tulipanda matatu hadi kwa shosho, upande wa Mathira. Alikuwa amekaa nje akichagua maharagwe. Nilimweleza mbele ya mtoto, kosa langu, kwamba huyu ameshindwa na kugawa.

"Ameshindwa na nani?" shosho akauliza. Kisha akamwambia mtoto, "Kuja hapa, mama. Hesabu maharagwe hamsini na mawili. Mazuri tu."

Mtoto akahesabu.

"Sasa tugawie. Mimi, wewe, anti yako, na mama yako hata kama hayuko. Mtu asilie."

Akagawa moja moja, kama gĩũthi: moja kwako, moja kwako. Ikachukua muda. Kumi na tatu kila mtu. Shosho akazirudisha zote pamoja.

"Umegawa vizuri. Lakini wageni wana njaa na wewe unatoa punje moja moja. Huwezi kutupa nyingi mara moja?"

Mtoto akafikiri. "Niwape kumi kumi?"

"Ziko za kutosha?"

"Kumi mara nne ni arobaini. Ziko."

"Toa. Zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na sisi bado ni wanne."

"Tatu tatu." Kisha akanyamaza, akaniangalia. "Kumi na tatu. Anti, ni ile ya jana!"

Shosho akafunika maharagwe kwa leso. "Sasa bila kuona. Yakiwa 64?" Mtoto akafunga macho. Kumi kumi, arobaini. Zimebaki 24. Sita sita. Kumi na sita. Alisema polepole, vidole vikitembea hewani kama bado anashika punje. Hakuna aliyemwambia aharakishe.

Nilikuwa nimekaa pale na elimu yangu ya chuo nusu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona mlangoni pa darasa. Shosho hakubadilisha hesabu. Alibadilisha mpangilio tu: kwanza mkono, halafu macho yaliyofungwa, namba zenyewe mwishoni. Leso ile ndiyo daraja.

Tangu siku hiyo nimeacha kufundisha kama nilivyofundishwa. Nawaambia mambo ninayofanya sasa, labda una mdogo wako nyumbani.

Ninaanza na kumi. Mtoto akijua kutoa kumi kumi kwanza, namba kubwa inapungua hadi inakuwa ile aliyoizoea. 96 kwa 8: kumi kumi zinakula 80, zinabaki 16, mbili mbili, jibu 12.

Kwa mbili, nne na nane, tunakata nusu kama chapati. Nusu ya 52 ni 26, nusu yake tena 13. Mtoto akipata 13 kwa njia mbili tofauti, anaanza kuiamini, na pia anaanza kujiamini.

Kwa tano, tunatumia sarafu. Kila ashu ina kobole mbili. Shilingi 85 ni ashu nane na kobole moja, basi ni kobole 17. Watoto wa mjini hii wanaishika kwa dakika tano kwa sababu wanatumwa dukani.

Jedwali la kuzidisha bado tunalijua kwa moyo, sitaki kudanganya mtu. 42 kwa 6 hutaipata haraka kama hujui sita mara saba. Lakini nauliza kwa kugeuza: "Sita ngapi zinafika 42?" Ule wimbo wanaouimba tayari una majibu ya kugawanya ndani yake, ila hakuna aliyewaambia.

Na nauliza "umefikaje?" hata jibu likiwa sahihi. Ukiuliza tu mtu akikosea, anajifunza kwamba swali lako ni adhabu.

Mwisho, baki. Baki silitupi. 50 kwa 4 ni 12, zinabaki 2. Ni 50 ya nini? Kama ni maharagwe, mawili yanarudi kwenye bakuli. Kama ni chapati, zikate, kila mtu apate 12 na nusu. Kama ni watu 50 na probox inabeba wanne, itabidi irudi mara ya 13, la sivyo umeacha watu wawili barabarani. Hesabu ni ile ile, majibu ni matatu. Mtoto anayejua kuuliza baki ni la nani ameelewa kugawanya kuliko mwenye kuandika "baki 2" na kufunga daftari.

*

Jioni, kabla hatujaondoka, shosho alimpa mtoto hesabu ya mwisho. Sikujua anaenda wapi nayo hadi nikachelewa.

Shamba lake ni eka nne na pointi mbili, lililopimwa wakati ule wa kuunganisha mashamba, miaka ya 50. Ana watoto watano. Mwaka jana aliwaita wote kugawa akiwa bado hai. Mjomba mmoja akasema kwa upole kwamba kwa desturi wanagawiwa wavulana, na wavulana ni watatu. Sheria ya urithi inayowatambua wasichana inatumika tangu 1981 na Katiba ya 2010 ikaongezea nguvu, lakini kwenye kikao cha familia mara nyingi sheria hukaa nje ya mlango. Mama yangu alikuwa amekaa pale, na aliniambia baadaye kwamba hakuwa na nguvu ya kusema kitu.

Shosho alijibu, "Nilizaa watano. Ukianza na idadi mbaya, hesabu itatoka safi na bado itakuwa wizi."

Sasa akamuuliza mtoto: "Eka nne na pointi mbili kwa watu watano. Kila mtu anapata nini?"

Mtoto akakunja uso. "Shosho, nne haitoshi watano."

"Haitoshi ikiwa nzima. Eka ina pointi ngapi?"

"Kumi."

"Basi ivunje."

Ndicho alichofanya babu kwa mawe, kuvunja mwezi uwe mafungu madogo yanayogawika. Ndicho kila mtu hufanya akivunja shilingi kuwa senti. Mtoto akaangalia mlima, ambao wakati huo ulikuwa umefunikwa na mawingu, midomo ikitembea.

"Pointi arobaini na mbili. Kwa watano... nane nane. Zinabaki mbili." Akangoja kidogo, kisha akauliza kama nilivyomzoesha. "Hizo mbili ni za nani?"

Shosho akaonyesha kwa kidole pale tulipokuwa tumekaa, nyumba ya mbao, jikoni, mti wa parachichi.

"Ni hapa. Hizo ni zangu. Ndipo nitazikwa, na hakuna mtu atazigawa."

Kwenye matatu ya kurudi mtoto alilala begani kwangu. Jumapili usiku akaandika 52 ÷ 4 = 13 kwenye daftari, na chini yake akaonyesha njia ile ndefu kama mwalimu anavyotaka, kwa sababu lazima. Pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika: *kumi kumi, halafu tatu tatu*. Sikumfuta.